Nani Atamtetea Bwana Chamberlain?

Jioni moja mjukuu wa jirani yangu, kijana wa kidato cha tano, alinijia na daftari lake mkononi, na uso wake umekunjamana. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza shida yake. Mwalimu wa historia alikuwa amewagawia wanafunzi viongozi wa mataifa, kila mmoja na wake, akawaagiza wasimame mbele ya darasa kama mawakili wawatetee. Wenzake walipata watu wenye sifa zao. Kura yake yeye ilimwangukia Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza tangu mwaka 1937 hata mwaka 1940, ambaye jina lake katika vitabu vya shule limekuwa ni neno jingine la woga. Kijana alitaka nimwandikie mwalimu barua ili abadilishiwe. Alisema hawezi kumtetea mtu ambaye dunia nzima imekwisha mhukumu.

Barua sikuiandika. Nilimwambia akae kitako, na kwa muda wa siku tatu tukapitia maisha ya mtu huyo, tangu kuzaliwa hata kufa. Naona inafaa niwaandikie wasomaji wa ukurasa huu yale tuliyoyapitia, kwa kuwa yanawahusu wafanyakazi, na yanaihusu nchi yetu pia kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Chamberlain alizaliwa Birmingham, mji wa viwanda vya vyuma, tarehe 18 Machi 1869. Baba yake, Joseph Chamberlain, alitajirika kwa kiwanda cha skrubu, kisha akawa meya wa mji, na mwisho akawa Waziri wa Makoloni kuanzia mwaka 1895 hata 1903. Huyo ndiye aliyepita Afrika ya Mashariki mwishoni mwa mwaka 1902, na mwaka uliofuata akawa tayari kuwapa Wayahudi wa Ulaya sehemu ya nyanda za juu za Kenya ya leo, bila ya kuwauliza wenyeji. Mama yake Neville alifariki mwaka 1875, mtoto akiwa hata hajatimiza umri wa miaka sita. Kaka yake wa baba mmoja, Austen, alitayarishwa kwa siasa. Neville alitayarishwa kwa biashara. Hakupelekwa Oxford wala Cambridge. Alisoma sayansi na mambo ya madini katika chuo cha palepale mjini, akafanya kazi kwa wakaguzi wa hesabu, na hakuna aliyedhani kwamba huyu ndiye atakayefika mbali.

Hapo ndipo wasomaji wetu wa Tanga, Pangani na Korogwe wataanza kutega sikio. Mwaka 1891 mzee Joseph, ambaye mali yake ilikuwa imeanza kupungua, alisikia kwamba katani inaleta faida kubwa, akamtuma Neville mwenye umri wa miaka 22 akasimamie shamba la mkonge katika kisiwa cha Andros, katika visiwa vya Bahamas. Eneo lilikuwa la eka 20,000. Kijana aliishi huko karibu miaka sita, peke yake kama mzungu kwa muda mwingi, katika joto na mbu, akifyeka pori pamoja na vibarua weusi wa kisiwa, akipanda, akihesabu, akimwandikia baba yake kwamba mambo yatanyoka. Hayakunyoka. Udongo wa Andros ni mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe, na mkonge haukukua kama ilivyotazamiwa. Mwaka 1897 shamba liliachwa, na familia ikawa imepoteza pauni 50,000, ambazo kwa siku zile zilikuwa mali kubwa mno.

Katika miaka ileile, mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika pwani yetu ikiwa hai, na katika hiyo 62 ndimo ulimotoka mkonge wa Tanga, pamoja na korona zake, reli zake, na jasho la manamba waliotoka Kigoma, Songea na Rwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikawa ya kwanza duniani. Mmea uliomfilisi Chamberlain kule ndio uliowatajirisha mabwana wengine hapa. Yeyote aliyepata kukata majani alfajiri shambani anaweza kuelewa jinsi kijana yule alivyorudi kwao na aibu moyoni. Jambo moja walakini lilimshika maisha yake yote. Alikaa miaka kadhaa akikataa kuamini kwamba kazi imeshindwa, kwa kuwa alidhani kwamba juhudi na hesabu nzuri zitashinda hata udongo mbaya.

Aliporudi Birmingham aliingia katika biashara ya vyuma, akamiliki kiwanda cha kutengeneza vitanda vya melini. Alipata sifa ya kuwa mwajiri anayewajua wafanyakazi wake. Mwaka 1911 alioa, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka uleule akaingia katika baraza la mji, na mwaka 1915 akawa meya kama baba yake. Wakati wa vita ile ya kwanza alianzisha benki ya akiba ya mji, ili mfanyakazi mwenye shilingi chache apate pa kuziweka. Serikali ikamwita London aongoze kazi ya kuandikisha nguvu-kazi ya taifa, bila ya kumpa madaraka yaliyo wazi. Kazi hiyo ilimshinda, na tangu hapo yeye na waziri mkuu Lloyd George hawakupatana kamwe. Mwaka uohuo, 1917, binamu yake Norman, aliyempenda kuliko rafiki yeyote, aliuawa vitani Ufaransa. Kitabu pekee alichopata kukiandika maishani mwake ni maisha ya binamu huyo. Nilimshauri kijana wangu aliweke jambo hilo mapema katika utetezi wake, maana bila ya hilo yatakayofuata hayaeleweki.

Aliingia Bungeni mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 49, umri ambao wengine wanaanza kufikiri habari za kustaafu. Na sasa tunafika mahali ambapo vitabu vya shule hupita mbio, nami ningependa tukae kidogo. Chamberlain alikuwa Waziri wa Afya mwaka 1923, na tena kuanzia 1924 hata 1929. Sheria yake ya nyumba ya mwaka 1923 ilisaidia kujenga zaidi ya nyumba 400,000, ingawa nyingi zilikwenda kwa watu wenye nafuu kidogo kuliko maskini hohehahe. Aliporudi katika wizara hiyo mwaka 1924 alileta mbele ya wenzake orodha ya miswada 25. Kabla ya kuondoka, 21 ilikwisha kuwa sheria. Sheria ya mwaka 1925 iliwapa wajane, mayatima na wazee malipo ya uzeeni kutokana na michango yao na ya waajiri wao. Ile ya mwaka 1929 iliwavunja wale wasimamizi wa maskini wa tangu zamani, ikatia kazi zao mikononi mwa halmashauri. Na alipokuwa waziri mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya viwanda ya mwaka 1937, iliyopunguza saa za kazi za wanawake na vijana, na sheria ya mwaka 1938 iliyofungua njia ya likizo yenye malipo kwa mamilioni ya wafanyakazi. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi anayedai likizo yake leo hana sababu ya kumcheka mtu huyo.

Kwa nini basi wafanyakazi wa Uingereza walimchukia? Kijana aliniuliza swali hilo, na ni haki kujibiwa. Katika mwaka wa mgomo mkuu, 1926, yako mabaraza ya wasimamizi wa maskini yaliyochaguliwa na watu, kama lile la West Ham, yaliyokuwa yakitoa msaada kwa ukarimu kuliko serikali ilivyotaka. Chamberlain alitunga sheria ya kuyaondoa mabaraza hayo na kuweka watu wake. Na katika miaka ya dhiki ya 1930 alikuwa Waziri wa Fedha, ambapo mtu asiye na kazi alilazimika kuhojiwa nyumbani kwake, na mapato ya mkewe na watoto wake kuhesabiwa, kabla ya kupewa senti. Huenda hesabu zake zilikuwa sawa. Lakini aliwasaidia maskini kama bwana shamba anayetunza miche, na wajumbe wa upinzani Bungeni aliwatazama kama wanafunzi wazito wa kuelewa. Mtu huweza kusamehe njaa kabla hajasamehe dharau.

Alipata uwaziri mkuu tarehe 28 Mei 1937. Hitler alikuwa na miaka minne katika utawala. Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria, kisha ikageukia Chekoslovakia, ikidai jimbo la Sudeten lenye Wajerumani wapatao milioni tatu. Mnamo Septemba London ilichimba mahandaki katika bustani zake, na watu wakagawiwa vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu, milioni 38 kwa jumla. Chamberlain, mzee wa miaka 69 asiyezoea ndege, alipanda ndege akaenda kwa Hitler mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya tatu, mjini Munich, usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba, yeye, Daladier wa Ufaransa, Mussolini na Hitler walikubaliana Sudeten iende kwa Wajerumani. Wachekoslovakia hawakukaribishwa mezani. Wajumbe wao waliwekwa hotelini wangojee kuambiwa nchi yao imekatwa wapi. Chamberlain akarudi na karatasi yenye sahihi ya Hitler, akawaambia watu kwamba amani imepatikana, nao wakamshangilia barabarani. Mfalme alimtoa roshanini pamoja naye. Bunge liliunga mkono kwa kura 366 dhidi ya 144.

Wakili wa Chamberlain ana hoja tatu hapa, nazo si za kubuni. Ya kwanza ni kwamba mwezi Machi 1938 wakuu wa majeshi walikwisha mwambia kwamba hakuna namna ya kuizuia Ujerumani isiivamie Chekoslovakia. Nyaraka zilizofunguliwa miaka ya mwisho ya 1960 zimeonyesha hivyo. Ya pili ni makoloni yaliyojitawala, kama Afrika ya Kusini na Australia, ambayo hayakuwa na hamu ya kupigana kwa ajili ya Sudeten. Ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni ndege. Mwezi ule wa Munich ndege mpya za Hurricane zilikuwa chache, na Spitfire ndiyo kwanza zimeanza kufika katika kikosi kimoja. Mitambo ya rada ilikuwa imekamilika katika sehemu ya mlango wa mto Thames tu. Mwaka 1940, vita ya angani ilipofika juu ya Uingereza, ndege zilikuwapo na mnyororo wa rada ulikuwapo. Na ni Chamberlain, akiwa Waziri wa Fedha, aliyeshikilia tangu mwaka 1934 kwamba fedha za ulinzi zielekezwe zaidi kwenye jeshi la anga.

Kijana alifurahi, akaanza kuandika upesi. Nikamzuia. Mwaka ule mmoja haukuwa wa Waingereza peke yao. Wajerumani nao waliutumia, na tena walipata bure ngome za mlimani za Chekoslovakia, divisheni zaidi ya thelathini zikafutika upande wa pili, na viwanda vya silaha vya Skoda pamoja na vifaru vyake vikaangukia mikononi mwao. Vifaru vya Kicheki vilitumika kuivamia Ufaransa mwaka 1940. Zaidi ya hayo, Chamberlain hakwenda Munich kununua muda tu. Aliamini. Alimtazama Hitler usoni akamwona ni mtu wa kutimiza ahadi, kama vile alivyoutazama udongo wa Andros. Wakili akificha hilo, mwendesha mashtaka atalifichua, na kesi itakuwa imekwisha.

Liko na jingine, ambalo kijana hakulijua, wala sidhani kwamba mwalimu wake alilitazamia. Katika miaka ile Ujerumani ilikuwa ikidai pia irudishiwe makoloni iliyonyang'anywa baada ya vita ya kwanza, na Tanganyika ilikuwa mbele katika orodha. Chamberlain, katika maandishi yake ya faragha, alieleza kwamba haamini amani ya kudumu ingeweza kununuliwa kwa kuwapa Wajerumani Tanganyika, lakini kama angeamini, asingesita hata dakika moja, kwa kuwa haitawafaa Wajerumani zaidi ya ilivyowafaa Waingereza. Tarehe 3 Machi 1938 balozi wake alimpelekea Hitler shauri la kugawa upya utawala wa makoloni katika Afrika ya kati, ili Ujerumani nayo ipate sehemu. Hitler hakulijali, alikuwa na haraka ya mambo ya Ulaya. Masetla wa hapa walitishika, wakaunda umoja wao mwaka 1938 wa kupinga nchi isirudishwe. Lakini wenyeji walioikumbuka Maji Maji, na viboko vya mashamba ya Wadachi, nani aliwauliza? Miliki yetu ilikuwa ya dhamana chini ya Shirika la Mataifa, maana yake tumewekwa amana. Amana hiyo ilizungumzwa kama mbuzi anayeweza kutolewa mahari ili ndoa ya wengine isivunjike.

Mzee mmoja wa Kicheki na mzee mmoja wa Kimatumbi, kama wangekutana mwaka 1938, wangeelewana bila ya mkalimani.

Nilitazamia kwamba kijana atatupa kalamu. Hakuitupa. Aliuliza kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba tarehe 15 Machi 1939 Hitler aliingia Prague, akavunja ahadi aliyoitia sahihi. Chamberlain alitoa dhamana kwa Poland mwisho wa mwezi huo, akaanzisha uandikishaji wa askari kwa lazima, jambo ambalo Waingereza hawakupata kulifanya wakati wa amani, na tarehe 3 Septemba 1939 akatangaza vita. Hakuwa kiongozi wa vita. Majeshi yaliposhindwa Norway, Bunge lilimjadili kwa siku mbili, tarehe 7 na 8 Mei 1940. Alishinda kwa kura 281 dhidi ya 200, lakini wengi wa chama chake mwenyewe walimpinga au walikaa bila kupiga kura. Chama cha Labour kikakataa kuingia katika serikali iliyo chini yake. Wale aliowadharau Bungeni kwa miaka kumi na mitano ndio walioufunga mlango. Tarehe 10 Mei alijiuzulu, na Winston Churchill akashika mahali pake.

Wengi humwacha Chamberlain hapo, nami namwona ndipo alipofanya jambo jema kupita yote. Alibaki katika baraza dogo la vita, chini ya mtu ambaye alikuwa amemshutumu kwa miaka. Mwisho wa Mei 1940 Ufaransa ilikuwa inaanguka, na Halifax, waziri wa mambo ya nje, alitaka waulizie masharti ya amani kwa kupitia Mussolini. Wabunge wengi wa Conservative walikuwa bado wanamsikiliza Chamberlain, maana yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama. Kama angesimama na Halifax, yamkini Churchill asingeweza kuendelea. Alisitasita kwanza, kisha akasimama na Churchill, na shauri la Halifax likafa. Askari wetu wa KAR waliokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma, makumi ya maelfu kutoka Tanganyika, walikwenda katika vita ambayo ingaliweza kufungwa siku ile kwa mapatano mengine, na nani ajuaye ni nchi za nani zingalitolewa.

Julai ya mwaka uleule kilitoka kijitabu cha waandishi watatu waliojificha nyuma ya jina la kubuni, kikiwataja watu waliolaumiwa kwa kuiacha Uingereza bila ya silaha, na Chamberlain akiwa wa kwanza. Kilinunuliwa kama maandazi. Mwezi huohuo madaktari walimpasua wakakuta ana saratani ya utumbo. Alijaribu kurudi kazini, akashindwa, akaondoka serikalini mwanzoni mwa Oktoba. Alikataa nishani ya juu aliyotaka kupewa na mfalme, akapenda afe akiitwa Bwana tu, kama baba yake. Alifariki tarehe 9 Novemba 1940. Siku tatu baadaye Churchill alisimama Bungeni akamsifu kuwa mtu aliyetafuta amani kwa moyo safi, na majivu yake yakazikwa katika kanisa la Westminster wakati mabomu yanaanguka London kila usiku, naye hakuwa amejua ni nani atakayeshinda.

Usiku wa tatu kijana alinisomea utetezi wake. Nilidhani atakuwa ameiacha habari ya Tanganyika, kwa kuwa inamharibia mteja wake, au ameificha katikati ya nyumba na pensheni. Kumbe ameiweka juu kabisa, katika ukurasa wa kwanza, kabla ya Munich na kabla ya ndege. Nilimwuliza wakili gani anayeanza na kosa la mteja wake. Akanijibu kwamba darasani mwake yuko msichana aliyepangiwa kuwa mwendesha mashtaka, na babu yake alikuwa manamba wa katani huko Muheza; akimwacha aliseme yeye kwanza, hakuna atakayesikiliza habari za wajane, wala za rada, wala za ule mwisho wa Mei. Kisha akaniomba nimwazime kamusi, akaendelea kuandika.